Mgongo Ulio Mbele Yangu

Tarehe 4 Februari

Mwanangu Chaki,

Habari za huko uliko? Sisi huku ni wazima, ila Babu yako sikio la kushoto limeanza kumgomea, kwa hiyo redio yetu sasa inasikilizwa na mtaa mzima. Ukimwomba apunguze anakujibu, "Nipunguze nini? Mbona haijawashwa?" Cherehani nimeibadilisha mkanda. Paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa vya sare, na wanafunzi wa shule ya hapa jirani itabidi wasubiri sketi zao, maana mimi siwezi kumfukuza mzazi.

Picha ulizotuma nimezipata. Kumbe nilikuwa nimekuelewa vibaya. Uliposema umepata kazi ya kutengeneza michezo, mimi niliwaambia watu uko kwenye michezo. Mama Mkaa, yule anayeuza mkaa mbele ya dirisha langu, akauliza, "Anacheza namba ngapi?" Nikamjibu kwa fahari, "Kiungo." Sasa nimeona ni ile michezo ya kwenye kioo, wanayocheza vijana katika chumba cha gemu karibu na kinyozi. Nimerudi kwa Mama Mkaa kumsahihisha, amekataa. Anasema timu yako keshaanza kuishabikia.

Babu yako alisema, "Zamani huo uliitwa uvivu. Siku hizi una ofisi?" Lakini picha zako ameziweka chini ya mto wake.

Nimeitazama sana ile picha ya askari watano na mwanamke mmoja. Mimi ni fundi wa nguo, sina jicho jingine la kutazamia. Wanaume wamefunikwa chuma mpaka puani. Yeye yuko katika vita vilevile, na upepo uleule unampiga, lakini tumbo liko nje. Je, kitambaa kiliisha walipofika kwake? Na hicho kiuno! Nilichukua futi yangu nikakipima palepale juu ya karatasi. Mtu wa kiuno kile hana mahali pa kuweka ini. Usicheke, nauliza kwa nia njema: nani alimshonea?

Unakula? Mama yako angeuliza hilo kwanza. Mimi nimeliuliza mwisho, nisamehe.

Mama yako mdogo.


Tarehe 27 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Na Babu mpe yake, kwenye sikio la kulia. Mimi sijambo. Chumba changu kina dirisha moja linaloangalia ngazi za jengo la pili, na mama mmoja anaanika nguo pale kila Jumamosi kwa mpangilio wa rangi. Namwangalia nikikukumbuka.

Barua yako niliisomea kazini, nikacheka mpaka mwenzangu anayechora miti akataka kujua kulikoni. Nikamsomea habari ya ini. Sasa kila mtu hapa akichora kiuno chembamba, mwingine anamwuliza, "Na ini?"

Ngoja nikueleze kazi ilivyo. Tunakaa kwenye meza ndefu, mapazia yamefungwa mchana kutwa ili vioo vionekane vizuri. Wanaume wa kwenye gemu kila mmoja ana mwendo wake: kuna mwendo wa mlevi, wa mzee, wa mnene, wa mtu aliyeumia goti. Wanawake wote wana mwendo mmoja tu. Malkia, mchawi, mwuza maji, wote wanatembea kama wanaovuka juu ya kamba, nyonga huku, nyonga kule. Nilimwuliza mkuu wa kazi sababu. Akasema, "Ndivyo tulivyokuta." Si mtu mbaya. Akichemsha chai huniletea.

Gemu tunayotengeneza sasa inahusu mji ulioangushwa na tetemeko. Anayecheza anapita humo akiusimamisha tena, ukuta baada ya ukuta, kabla mvua hazijafika. Shujaa ni fundi mwanamume. Mimi nilipewa kumchora mwanamke wa dirishani, ambaye kazi yake yote ni kusubiri pale juu mpaka fundi aje amteremshe.

Nilimchora. Kisha mchana mmoja mkono wangu ukachora mtu mwingine pembeni: mwanamke mpana, amevaa ovaroli, mwiko wa lipu ameuchomeka nyuma kwenye mkanda. Nilipoweka kivuli chini ya shingo ndipo nilipomjua. Alikuwa Mama.

Nikamwonyesha mkuu. Akamtazama muda mrefu, akasema, "Nani atakayetaka kuwa huyu?" Kisha akasema nimletee akiwa anatembea na anafanya kazi, tumwone kabla ya Juni kwisha. Akituridhisha, atakuwa ndiye fundi wa gemu. Asipoturidhisha, tunarudi kwenye dirisha.

Na hapa ndipo nilipokwama, Mama Mdogo. Simkumbuki anavyotembea. Nakumbuka sabuni yake, kikohozi chake, sauti yake akiniita kutoka juu ya jukwaa la kujengea. Lakini nikijaribu kumwona akitembea, namwona amekwisha kufika, amesimama mlangoni. Nisaidie. Alitembeaje? Ile ovaroli uliyomshonea bado ipo? Na siku ile ya mwisho, ambayo sikuwepo, alikuwaje?

Nakula.

Chaki.


Tarehe 19 Machi

Mwanangu Chaki,

Marahaba. Babu yako hajambo. Vitoto vya paka vimefumbua macho na kimoja kimeshaharibu mfuko wa shati la mteja.

Siku ile sitaiandika. Usiniulize tena, mwanangu. Ovaroli sijui iko wapi.

Nitakuandikia ninayoweza. Kabla ya kupanda ngazi yoyote aliipiga teke kwa kisigino, kama mtu anayemwamsha punda. Mwiko wake hakumwazima mtu. Alisema mwiko ukishazoea mkono wa mwingine unarudi na tabia. Akimaliza ukuta aliugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, na ukuta ukimjibu vizuri aliuambia, "Ahsante."

Unajua kwa nini wenzake wa kazini walimwita Timazi? Labda hakuwahi kukuambia. Alipoanza ujenzi, pale kwenye shule hii ya jirani, msimamizi hakumtaka. Alisema mbele ya wote, "Ukuta wa mwanamke utalala kabla ya mwenye nyumba." Dada akajenga kona yake kimya kimya. Msimamizi akaja kuitazama, kichwa amekiinamisha upande kama kuku. Dada akateremsha timazi, ile kamba yenye uzito mwishoni ya kupimia wima, ikatulia sawa na ukuta toka juu hadi chini. Akasema, "Mwulize huyu. Hajui kama nimevaa sketi." Watu walicheka, na msimamizi akacheka nao, na tangu hapo wakawa wanasalimiana vizuri. Ukuta ule bado umesimama. Huwa napita karibu nao nikienda kununua uzi.

Ila mwendo siwezi kukuandikia. Na kusema kweli mimi sikumjua sana kwa mbele. Nilimjua kwa mgongo. Tulipokuwa tunakwenda shule tulipita kichochoro chembamba cha kutosha mtu mmoja, na yeye ndiye mkubwa, alitangulia. Baadaye akawa fundi, nikawa namsaidia kubeba ngazi siku za Jumapili, yeye mbele, mimi nyuma. Uso wa dada yangu nikiufikiria unanichanganya, mara ni wa ujana, mara ni wa ugonjwa. Mgongo hauchanganyi.

Nikichelewa, labda nafunga kiatu, alisimama bila kugeuka. Alipiga paja lake kwa kiganja, tap, tap. Kisha aligeuza kidevu tu, kidogo, mpaka anione kwa pembe ya jicho. Hakuniambia harakisha hata siku moja. Sijui kama hilo lina faida kwako.

Mama yako mdogo.


Tarehe 11 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako iko wazi hapa mbele yangu.

Umesema mgongo. Katika gemu hizi anayecheza humfuata mtu wake kwa nyuma. Anaweza kucheza mwezi mzima, na muda wote huo anachokiona ni mgongo! Sisi hapa uso tunauchora wiki nzima, tunahesabu kope, halafu mgongo tunaumaliza kabla ya chakula cha mchana. Nilipoisoma barua yako nilisimama, nikaenda kuosha uso, nikarudi nikaisoma tena.

Sasa sikiliza. Kuna chumba ambamo mtu huvaa nguo nyeusi ya kubana, imeshonewa vitone vinavyong'aa kwenye kila kiungo. Kamera zimezunguka ukuta wote. Anatembea, na kompyuta inachukua mwendo wake na kumpa mhusika. Walituletea mcheza dansi mmoja, dada mzuri sana na mcheshi. Nikampa ndoo mbili nikamwambia abebe kama mchanga wa kujengea. Alizibeba kama maua. Tulijaribu mpaka akaniambia, "Rafiki yangu, mimi mwili wangu umefundishwa kuficha uzito. Wewe unataka mtu wa kuuonyesha."

Mtu huyo ni wewe. Ulitembea nyuma yake maisha yako yote. Miguu yako lazima imenakili. Mwombe Mama Mkaa akuchukue video kwa simu yake. Kwa nyuma. Ukiwa umebeba kitu.

Nakuomba.

Chaki.


Tarehe 16 Mei

Mwanangu Chaki,

Tumshukuru Mungu tu wazima. Nimechelewa kukujibu. Barua yako niliikunja nikaiweka chini ya cherehani, nikawa nashona juu yake.

Ovaroli ipo. Imekuwepo siku zote.

Magoti bado ni magumu kwa lipu, sijaifua wala sitaifua. Niliitoa mchana, mlango umefungwa, nikaivaa. Mikono ni mirefu kwangu, nikaikunja. Nilipokuwa naishona, yeye ndiye aliyeniambia niongeze nafasi mgongoni, akasema, "Nishonee nguo ya mtu anayeinama, siyo ya mtu anayetazamwa." Mshono wa ile nafasi uliniangukia mabegani kama mikono ya mtu.

Nikamwita Mama Mkaa. Video ya kwanza hukuipata kwa sababu niliifuta. Nilitembea nimemgeukia yeye, natabasamu. Akanipigia kelele barabarani, "We fundi! Unakwenda kujenga au unaolewa?" Watu wote wakageuka. Ya pili niliona haya, nikaenda mbio. Basi nikachukua ndoo mbili, nikajaza maji, nikamwambia akae nyuma yangu na afunge mdomo. Nikaelekea kwenye ukuta wa shule.

Mwanzoni nilikuwa mimi. Ndoo zikaanza kuwa nzito. Hapo bega la kushoto likashuka lenyewe. Vidole vya mguu vikageukia nje. Ikaja ile pumzi yake anayoivuta kila baada ya hatua kadhaa, kama mtu anayetaka kusema jambo halafu akaahirisha. Sikuifanya mimi, Chaki. Ilinijia tu. Nilikuwa natembea na kichochoro kile kimefunguka mbele yangu.

Niliporudi Babu yako alikuwa amesimama kizingitini. Aliita jina la mama yako. Hakukosea, alijua vizuri kwamba ni mimi, kwa sababu baadaye alisema, "Zunguka tena." Nikazunguka tena na ndoo zangu. Yeye akaingia ndani akazima redio kwa mkono wake mwenyewe, akakaa kwenye kiti, na nyumba ikawa kimya hivi kwamba nilisikia vitoto vya paka vikilamba maziwa.

Video nimekutumia. Niambie kama inafaa.

Mama yako mdogo.


Tarehe 28 Juni

Mwanangu Chaki,

Sisi hatujambo. Sijapata jibu lako, na Juni ndiyo hiyo inakwisha. Babu anauliza, Mama Mkaa anauliza. Mimi siulizi, nasalimia tu.

Je, ile mvi yake ya mbele wameiacha? Na kovu la kwenye nyusi, alipoangukiwa na kipande cha tofali?

Mama yako mdogo.


Tarehe 9 Agosti

Mama Mdogo,

Shikamoo, na unisamehe. Babu hajambo? Vitoto vya paka mmevigawa?

Nianze na lililo jema. Video yako niliitazama, kisha nikatoka kwenye ujia wa ofisi nikajaribu kutembea hivyo. Nilibeba makopo mawili ya rangi. Nikaenda, nikarudi, nikaenda. Mwenzangu wa miti akachungulia, akasema, "Mbona unamtafuta? Unaye." Basi nikavaa ile nguo ya vitone mwenyewe, nikapewa ndoo za mchanga wa kweli.

Kwenye kioo, mwanzoni, haonekani mtu. Hakuna nyama, hakuna nguo, hakuna uso. Ni vitone vyeupe tu vinaelea gizani, kama nyota chache. Wakawasha. Vitone vikashuka bega la kushoto. Vikabeba. Vikavuta pumzi ile. Mama Mdogo, vilikuwa vitone, na alikuwa yeye, na alikuwa wewe, na ilikuwa miguu yangu mimi. Mkuu wa kazi alisahau chai yake mkononi. Kisha mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Huyo anakwenda kazini." Mkuu akasema, "Basi ndiye fundi."

Dirisha lipo bado kwenye ule mji, lakini ndani hakuna mtu anayesubiri. Ni dirisha tu la kujengwa.

Sasa lililonifanya nisiandike. Wanaouza gemu walikuja, wakasema uso ule haumvutii mtu. Nilibishana. Niliwaambia habari ya timazi, wakaipenda, wakacheka, wakauondoa uso. Mvi hakuna. Kovu hakuna. Wamempa uso wa msichana wa tangazo la mafuta ya kujipaka. Kiuno walitaka kukikata pia, na hapo watu wa meza nzima walisema kwa pamoja, "Na ini?" Kiuno kikabaki. Lakini uso sikuuokoa.

Picha za kwanza zilipotoka, watu waliandika maneno. "Huyu ni mwanaume?" "Nani anataka kumfuata mama wa matofali?" Niliyasoma yote, sijui kwa nini. Mwanamke mmoja tu aliandika, "Mama yangu hutembea hivi." Hilo nimelikata nikalibandika mezani.

Sikuweza kukuambia kwamba nimempoteza tena, na safari hii nikiwepo. Gemu itatoka Septemba. Ukiona ni vyema usiitazame.

Chaki.


Tarehe 2 Oktoba

Mwanangu Chaki,

Marahaba. Babu yako mzima. Vitoto vya paka vimegawiwa vyote isipokuwa yule wa kuharibu mifuko, huyo ameajiriwa.

Jana nilivaa gauni langu la bluu nikaenda kwenye chumba cha gemu. Mwenye chumba akaniona mlangoni, akasema kwa adabu, "Mama, kinyozi ni mlango wa pili." Nikamwambia nimekuja kucheza. Vijana wakakohoa. Mmoja akasema, "Leo tumekwisha, mama wa nani huyu?" Nikaketi. Nikakishika kile kidude cha kubonyeza, mwenye chumba akaniwekea vidole mahali pake kama mimi ninavyomfundisha mtu kushika mkasi.

Kwanza ulitokea ule uso. Ni binti mzuri, simfahamu, Mungu amweke. Nikataka kuinuka.

Kisha akanigeuzia mgongo.

Chaki, mwanangu. Nikasukuma kidole, akatangulia. Bega la kushoto. Vidole nje. Nafasi ile niliyomwongezea nguoni inavuta na kuachia anapoinama, umeichora hata mikunjo yake! Mwiko umekaa nyuma pale pale. Akafika kwenye ngazi, akaipiga teke. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Sikujenga ukuta wowote. Nilimfuata tu mitaani, katika mji ule ulioanguka, nyuma yake, na mwanga wa asubuhi unampiga shingoni. Nilikuwa na viatu vya shule miguuni. Sijui nikueleze vipi zaidi ya hivyo. Mikono yangu imetengeneza nguo maisha yote, na sikujua kwamba mtu anaweza kushonwa upya kwa mwendo.

Machozi yakaniziba, nikaacha kubonyeza. Akasimama. Vijana waliokuwa wanangoja zamu wakaanza, "Mama, songa basi! Mbona umemsimamisha?" Na yeye, bila mimi kugusa kitu, akapiga paja. Tap, tap. Akageuza kidevu kidogo.

Mwenye chumba akasema, "Anakusubiri, mama. Ukikaa kimya hufanya hivyo."

Nikasema, "Najua. Ni dada yangu." Wakacheka, kisha wakaniangalia, wakaacha. Mmoja wa wale waliokohoa akauliza, "Kweli alikuwa fundi?" Nikamwambia, "Ukuta wa shule uliyosoma, nani alijenga?" Akageuka kutazama upande wa shule. Akasema, "Kaa, mama, zamu yangu nakupa."

Umeulilia sana uso katika barua yako. Usilie. Wameuondoa uso ambao hata mimi sikuwa nao. Mgongo niliokuwa nao umeurudisha.

Uliniuliza siku ile. Nitakuandikia hili moja. Alikuwa amelala kwa ubavu, ameelekea ukutani, mimi nimekaa nyuma yake. Hakuwa na maumivu tena. Mkono wake ulikuwa juu ya paja. Akapiga, tap, tap, kisha akageuza kidevu, na hakumaliza kugeuka. Muda wote huu nilidhani ulikuwa uchungu wa kuachwa na wewe uliye mbali, ndiyo maana sikutaka uusikie. Jana nimemwona tena, na nikakumbuka alivyokuwa akifanya hivyo kichochoroni. Mtu anayesubiri namna ile hana haraka, wala hana kinyongo na aliyechelewa. Anataka tu kujua kwamba unakuja.

Umefika, mwanangu.

Babu anataka kwenda kwenye chumba cha gemu Jumapili. Nitampeleka, ingawa ataomba waongeze sauti.

Nawe huko, ukimwona anatangulia kwenye kioo chako, jua mimi niko nyuma yake nafunga kiatu. Unikumbuke.

Mama yako mdogo.